Yankees Wamepoteza, na Mzee Hana Samaki

BARAZANI KWA BIBI
Barua za wasomaji wa Mtwara na Lindi, na majibu yake

Barua za mwezi huu zinanuka samaki na mpira, sijui mlikubaliana wapi. Za bei ya korosho nimeziweka kando, wenye maghala ndio wa kuulizwa hayo. Naanza na ile ndefu kuliko zote, kwa sababu mwenyewe kaiandika kwa mkono, pande mbili za karatasi, na mwandiko wake unasomeka. Wengine mjifunze.

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni mvuvi wa mshipi hapa Mikindani. Siku za kusi, bahari ikichafuka, hatutoki. Tunakaa chini ya mkungu tunashona nyavu za watu na kubishana mpira. Binamu yangu anayesomea ualimu aliniachia kitabu cha Mzee na Bahari, cha yule Mmarekani Hemingway. Jalada halina na kona zimeliwa na mende, ila hadithi ipo nzima. Bibi, yule mzee ni mvuvi kweli. Anavyoupitisha mshipi mgongoni samaki akivuta, anavyojilazimisha kula samaki mbichi asije akaishiwa nguvu, mkono unavyokufa ganzi, hayo yote nayajua. Kilichonishinda ni huo mchezo wao. Mzee kakaa siku 84 hajapata samaki, ndani hana chakula, halafu yeye na yule mtoto wanazungumza besiboli! Timu yao imepoteza, mzee anasema si kitu. Niliwasomea wenzangu pale mkunguni, mmoja akasema hizo kurasa ruka, ni mambo ya Wazungu. Je, niruke? Mchezo wenyewe unachezwaje? Na wewe Bibi, katika waandishi wa zamani unampenda nani? (Mvuvi, Mikindani)

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Usiruke hata mstari mmoja, na huyo mwenzako mwambie Bibi kakataa. Mambo ya Wazungu yako wapi hapo? Mzee ni mtu wa Kuba, mtoto ni wa Kuba, kijiji chao kiko pwani karibu na Havana, na timu wanayoililia, Yankees, iko New York, nchi nyingine kabisa, ng'ambo ya bahari. Wewe hapo Mikindani pita jioni kwenye kibanda umiza chochote, utakuta vijana wameshikana mashati kwa ajili ya Arsenal, na huko London hawajui kama kuna Mikindani duniani. Kuna tofauti gani?

Tuanze na mchezo, maana bila huo utasoma gizani. Maji yakikupwa, tafuta mchanga mgumu uchore mraba, halafu simama kwenye kona moja uutazame ukiwa hapo. Kona hiyo ndiyo nyumbani. Kila ubavu wa mraba una mita 27 na ushee. Mpigaji anasimama nyumbani na gongo la mti mikononi. Katikati ya mraba, mita 18 hivi mbele yake, anasimama mrushaji wa timu pinzani, na kazi yake ni kumrushia mpira mdogo mgumu unaoenea kiganjani, aurushe kwa ujanja ili mwenzake aukose. Mpigaji akiupata ukaenda pazuri, anatupa gongo anakimbilia kona ya kwanza, akiwahi anakwenda ya pili, ya tatu, na akirudi nyumbani salama timu yake imepata pointi. Akiukosa mara tatu, katoka. Mpira alioupiga ukidakwa kabla haujagusa chini, katoka. Wakitoka watatu, timu zinabadilishana, waliokuwa wakidaka wanaingia kupiga. Kila upande watu 9, kila upande zamu 9. Dakika tisini hazimo, kwa hiyo hakuna kipa wa kujilaza chini ameshika goti timu yake ikiongoza bao moja, mchezo ambao wageni wametufanyia sana kwenye uwanja wetu wa Nangwanda Sijaona na mpaka leo sijausamehe.

Yapo mengine mengi, wenyewe wana kitabu kizima cha sheria, ila hayo yanakutosha kumsoma Hemingway. Na usidhani ni mchezo wa mbali sana. Wajapani wameshatuletea: Dar es Salaam, pale Shule ya Sekondari Azania, kuna uwanja wake, na vijana wa Kitanzania wanapiga gongo hilo kila mwaka.

Sasa twende kibandani kwa mzee, taratibu, maana hapo ndipo wewe na wenzako mlipopita mbio.

Jioni imeingia. Mtoto anamuuliza mzee atakula nini. Mzee anajibu kuna sufuria ya wali wa manjano na samaki, je, atakula naye kidogo? Mtoto anakataa, anasema atakula kwao. Wali haupo, na mtoto anajua haupo. Anaomba achukue kimia akavue dagaa wa chambo. Mzee anamruhusu. Kimia nacho hakipo, walishakiuza, na mtoto anaikumbuka siku waliyokiuza. Kila siku wanaongopeana hivyo hivyo, kwa adabu kabisa, kwa sababu mtoto hawezi kumwambia mzee "wewe huna kitu", na mzee hawezi kukiri hivyo mbele ya mtoto. Halafu mzee anasema ana gazeti la jana, atakaa asome habari za besiboli. Mtoto hapo anababaika. Gazeti nalo ni katika yale yale? Mzee anainama, analitoa chini ya kitanda.

Lipo! Nyumba ina wali wa uongo na kimia cha uongo, lakini gazeti ni la kweli, la karatasi, kapewa dukani. Mimi nimefundisha fasihi hapa Mtwara mpaka nikastaafu, na hicho ndicho kipande ninachokirudia kuliko vita ya papa, kuliko hata lile samaki lenyewe kubwa kushinda mtumbwi. Mwandishi angeweza kumwacha mzee na uongo wa tatu, tukamhurumia zaidi. Hakufanya hivyo. Kampa kitu kimoja cha hakika cha kukaribisha nacho mgeni, na kitu hicho ni habari za mpira. Mwenzako anakwambia uruke mali pekee iliyobaki mle ndani.

Baadaye mtoto analeta chakula alichopewa kwenye mgahawa wa jirani: wali na maharage meusi, ndizi za kukaanga, mchuzi kidogo. Wanakula bila taa. Ndipo mtoto anaomba, haya, nipe habari za besiboli. Mzee anaanza na Yankees wake, mtoto anamwambia leo wamepoteza, na mzee anajibu hiyo si kitu, DiMaggio mkubwa karudi katika hali yake.

Wewe umesikia mzee anajikaza. Mimi nasikia mtu anayejua hesabu za ligi yake. Ligi Kuu yetu ina timu 16, kila timu mechi 30, ukifungwa Jumapili unaweza kukaa wiki nzima na mdomo mrefu ukisubiri kujitetea. Wenzetu miaka ile walikuwa wanacheza mechi 154, kuanzia Aprili mpaka karibu na Oktoba, karibu kila siku ya Mungu. Mwaka 1950 Yankees walikuwa mabingwa, na bingwa huyo alishinda 98 akapoteza 56. Hamsini na sita! Hapa kwetu kocha asingefika hata ya nane, wangeshamfungia virago. Kwa hiyo mzee akiambiwa "leo wamepoteza" anajua kesho kuna mechi nyingine, na keshokutwa nyingine. Anachotaka kujua ni kama mchezaji wake kapona.

Ukienda kwa mpigaji mmoja mmoja ndiyo kabisa. Joe DiMaggio ni mtu wa kweli, hakutungwa. Mwaka 1941 alicheza mechi 56 mfululizo na katika kila mechi aliupiga mpira akafika kona salama walau mara moja, rekodi ambayo haijavunjwa mpaka leo. Sasa mtu huyo, ukijumlisha maisha yake yote ya uwanjani, katika kila mara 1,000 alizohesabiwa kwenda kupiga, alifanikiwa 325. Zilizobaki alirudi benchi mikono mitupu. Na huyo ni katika wakubwa wa wakubwa. Mvuvi aliyerudi pwani mtupu siku 84 hakuchagua mchezo huo kwa bahati mbaya, na wala Hemingway hakumchagulia kwa bahati mbaya.

Liko na la kukufurahisha zaidi. Baba yake DiMaggio alikuwa mvuvi, Mtaliano aliyehamia San Francisco. Mzee wa kwenye kitabu analijua hilo, anasema angependa siku moja ampeleke kuvua, maana huenda naye alikulia katika umaskini kama wao na angewaelewa. Ukweli wenyewe ni kwamba Joe uvuvi ulimshinda, harufu ya samaki ilimtia kichefuchefu, akakimbilia gongo. Ningependa sana kuona sura ya mzee akiambiwa hayo! Na kile kisigino anachokiwaza usiku akiwa na samaki mshipini ni cha kweli pia. Mwaka 1949 DiMaggio alikuwa na mfupa uliochomoza kisiginoni, akakosa mechi 65 za mwanzo wa msimu, kisha akarudi kule Boston na katika mechi tatu akapiga mipira minne iliyovuka nje ya uwanja, ile inayomrudisha mpigaji nyumbani bila kuzuiwa. Kitabu kilitoka 1952, msomaji wa siku zile alikuwa hajasahau.

Halafu hilo neno "gazeti la jana". Sisi watu wa Kusini hatuhitaji kufundishwa. Vijana mliozaliwa baada ya Daraja la Mkapa kufunguliwa pale Rufiji mwaka 2003 hamjui tulikotoka. Masika ikiingia barabara ilikuwa inakatika, mabasi yanalala kwenye matope, na gazeti la Jumatatu lilikuja litakapokuja. Pale Chikongola kulikuwa na mzee wa duka akilipata analitandaza juu ya meza ya kupimia sukari, tunalisoma kwa zamu, wakubwa mbele, mikono nyuma tusilichafue. Matokeo tulishayasikia zamani, Radio Tanzania ilishatangaza. Hatukuja kutafuta nani kafunga. Tulikuja kujua tulifungwaje: beki gani alizubaa, nani aliomba mpira hakupewa, refa alikuwa wapi. Mabishano ya mechi moja ya Jumapili yalikuwa yanafika mpaka Alhamisi ya pili, na mechi tuliyofungwa ilidumu kuliko tuliyoshinda. Ushindi unausimulia mara moja, watu wanapiga makofi, unabaki huna la kuongeza. Ukifungwa una kazi ya wiki mbili.

Ukirudi kwenye kitabu, msikilize mtoto anavyomchokoza mzee kuhusu makocha. Baba wa mtoto anashikilia kwamba McGraw ndiye aliyekuwa bora kuliko wote. Mzee anamjibu, ni kwa sababu ndiye aliyekuwa anafika hapa mara nyingi, angekuwa Durocher anafika kila mwaka, baba yako angemsifu Durocher. Nilicheka peke yangu. Hapa Mtwara nina jirani anayeapa kwamba beki bora kuliko wote katika historia ya Tanzania ni yule aliyewahi kula pweza kwenye kibaraza chake. Jina silitaji, atanikasirikia, na pweza wake ni mzuri.

Kuhusu mwandishi ninayempenda, subiri kidogo. Yupo kijana wa Ruangwa kauliza karibu hilo hilo, na hasira zake ni za kushughulikiwa haraka.

SWALI: Bibi shikamoo. Mimi ni bodaboda hapa Ruangwa, shabiki wa timu yetu ya Namungo damu damu. Tukifungwa sitaki redio, sitaki simu, wala mkeka wa kubeti wa mtu usipite mbele yangu. Nikifungwa huwa nasoma. Marafiki wananicheka, lakini mimi bado ile fainali ya 2020 inanikaba hapa kooni. Sasa tumeingia ubishi kijiweni: timu ikifungwa usome mwandishi gani wa zamani? Mmoja anasema Shaaban Robert, mwingine anasema Kezilahabi, mimi nasema Bwana Msa. Tuamulie. (Muuaji wa Kusini, Ruangwa)

JIBU: Marahaba, lakini usinililie mimi. Tarehe 2 Agosti 2020 ninyi mlikuwa Sumbawanga mnacheza fainali ya Kombe la Shirikisho na Simba, mkafungwa 2–1, mkarudi na medali zenu, na bado mkaenda kuwakilisha nchi Afrika. Mwaka huo huo Ndanda wangu wa hapa Mtwara walishuka daraja. Nikutane na wewe tupimane nani anakabwa kooni.

Ubishi wenu ni mzuri na wote mmekosea kidogo, isipokuwa wa Kezilahabi, huyo kakosea sana. Euphrase Kezilahabi ni mwandishi mkubwa, nimemfundisha miaka na miaka, lakini kukifungua kitabu chake Kichwamaji usiku ambao timu imefungwa nyumbani ni kumwaga chumvi kwenye kidonda. Yule anasomwa mkiwa mmeshinda, tena ugenini, jua linawaka, tumbo limeshiba.

Bwana Msa nakuelewa. Mohamed Said Abdulla, Mzanzibari, alitupa mtu mwenye kiko chake mdomoni, haharakishi, hapayuki, na mwisho aliyefanya uovu anaonekana. Mtu aliyetoka kuibiwa penalti anahitaji sana kuona mwovu akionekana. Ila Bwana Msa hakosi. Ndiyo raha yake na ndiyo kasoro yake, maana ukimaliza kitabu unatoka nje unakuta refa wa jana hajakamatwa. Mimi nikimsoma namtazama zaidi Najum, rafiki yake, anayekwenda naye huku na huku na kuelewa nusu. Huyo ndiye sisi mashabiki.

Shaaban Robert ndiye ninayempenda, nalisema hili kwa mvuvi wa Mikindani pia, na sababu yangu ni moja: hakuna aliyekitandika Kiswahili cha nathari akakinyoosha namna ile. Lakini umchague vizuri. Ukimfungua pabaya atakuhubiria, nawe huku unatafuta mtu wa kumlaumu. Chukua Kusadikika, cha mwaka 1951. Karama yuko kizimbani, mashtaka ni makubwa, na badala ya kujitetea anakaa siku sita akisimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini kuitafutia nchi manufaa, na kila mmoja aliporudi alipewa kifungo kuwa ndio ujira wake. Sita kwa sita! Hakuna timu ya kwetu iliyowahi kufungwa kwa ubaya huo. Na Karama anawasimulia mmoja baada ya mwingine bila kuruka, mbele ya wale wale waliowafunga, mpaka ukumbi unageuka. Soma siku moja kila usiku, mpaka mechi ijayo utakuwa umemaliza.

Ila mimi mwenyewe Ndanda waliposhuka sikumfungua Shaaban. Nilikwenda kwa mtu wetu. Ebrahim Hussein amezaliwa mwaka 1943 katika pwani yenu hiyo hiyo ya Lindi, na bado nakutana na vijana wa Lindi wanaomjua kwa jina la kwenye mtihani tu. Kinjeketile, tamthiliya yake ya mwaka 1969, inahusu Vita vya Maji Maji. Vita vile vilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, kule Nandete, Kilwa, watu walipong'oa pamba waliyolimishwa kwa nguvu. Maji aliyoyatoa Kinjeketile Ngwale pale Ngarambe hayakugeuza risasi, hilo sote tunalijua, na Wajerumani wakamnyonga mapema tu. Hussein hakutaka kutusimulia matokeo, anajua tumeshayasikia. Kaing'ang'ania dakika ya mwisho. Kinjeketile yuko mikononi mwa adui, na anaambiwa aseme kitu kimoja tu: kwamba maji yalikuwa uongo. Yeye mwenyewe amekwisha kuwa na wasiwasi juu ya hayo maji muda mrefu. Lakini anakataa kusema, kwa kuwa anajua kesho watakavyolitumia neno lake, watoto wataambiwa kwamba na kuinuka kwenyewe kudai haki kulikuwa kosa.

Nilipokuwa nafundisha, darasa zima hapo lilikuwa linagawanyika. Wengine wanamwita mkaidi, wengine shujaa, na kila mwaka kulikuwa na mmoja, kwa kawaida anakaa nyuma dirishani, aliyeuliza: sasa yeye aliamini au hakuamini? Sikuwajibu. Kabishaneni hilo kijiweni, ni bora kuliko penalti.

Na kama hamtosheki, kabla ya Hussein kulikuwa na Abdul Karim bin Jamaliddini, mshairi wa Lindi, aliyetunga utenzi wa vita hivyo hivyo. Ulichapwa kuwa kitabu mwaka 1957. Huyo ni mtu wa zama zenyewe. Maktaba ya mkoa ikikwambia hawana, uliza mara ya pili, wakati mwingine mtu wa dirishani hajainuka kutazama.

SWALI: Shikamoo Bibi. Niko kidato cha nne hapa Masasi. Kwa nini tunasomeshwa waandishi waliokufa? Mambo yao yamepitwa na wakati. (Mwanafunzi, Masasi)

JIBU: Marahaba. Umeandika mistari miwili na makosa ya tahajia matatu, nimeyasahihisha kabla ya kuchapa. Msome kwanza mmoja mpaka mwisho, asiyekuwa kwenye mtihani wako, halafu niandikie tena. Na si wote waliokufa. Shafi Adam Shafi alituandikia Kuli mwaka 1979 na Vuta N'kuvute mwaka 1999, na ukianza hicho cha pili Ijumaa jioni nakuhakikishia Jumapili hutakumbuka kuwa kuna mechi.

SWALI: Bibi, shikamoo. Naandika kutoka Lindi mjini. Mume wangu ni Simba. Wakifungwa hasemi, hali, anageukia ukutani. Nikimwambia pole anakasirika, nikinyamaza anasema simjali. Mimi mpira siupendi, napenda hadithi. Nifanye nini? (Mama wa wawili, Lindi)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole usimpe, pole ni ya msiba, na ukimpa unamthibitishia kwamba kuna msiba. Mwulize jinsi ilivyokuwa. Mwulize nani alimwacha yule winga peke yake, na kwa nini hawakumtoa mapema yule wa namba sita aliyechoka. Huhitaji kujua winga ni nani. Wewe unapenda hadithi, basi msikilize kama msimulizi: atakwambia kwanza refa kahongwa, hiyo iache ipite, ni dibaji. Kisha atafika kwenye kosa lenyewe, na hapo utaona kaacha ukuta na kukugeukia, anakuonyesha kwa vikombe vya chai nani alisimama wapi. Kikombe cha moto kiweke mbali.

Siku nyingine mgeuzie kibao. Msomee wewe kurasa za yule mzee wa Kuba, hizo hizo ambazo wavuvi wa Mikindani walitaka kuziruka, ni chache, zinakwisha kabla chai haijapoa. Akianza kubishana na mzee kuhusu DiMaggio, umeshampata msomaji ndani ya nyumba.

Jambo moja tu, usimtajie tano. Zile 5–1 walizofungwa na Yanga Novemba 2023 hata mimi sizitaji mbele ya Wanasimba nikitaka wamalize chai yao. Akikuudhi sana na huna namna, mwache yeye mwenyewe akukumbushe 5–0 walizowafunga Yanga Mei 2012. Atakukumbusha tu, na atakula.